Gari Likinywa Maji, Usiliwashe: Mwongozo Kamili wa Kulinda Gari Msimu wa Mafuriko

Kila masika, gereji za Dar es Salaam hupokea magari yaliyokufa injini, na mara nyingi kilichoyaua si maji yenyewe. Maji yaliingia, gari likazimika au likakutwa asubuhi limezama, kisha mwenyewe akaketi kwenye usukani na kuzungusha ufunguo ili aone kama litawaka. Hapo ndipo injini ilipovunjika. Gari ambalo lingerudi barabarani kwa kumwaga oili na kukaushwa, sasa linahitaji injini nyingine.

Sababu ni hii. Pistoni inapopanda ndani ya silinda hubana hewa, na hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Kama kuna maji juu ya pistoni, ile nguvu inayotakiwa kuyabana hukosa pa kwenda, konrodi, chuma kinachoishika pistoni, ikapinda, na wakati mwingine ikatoboa ubavu wa injini. Haihitaji maji mengi, kwa sababu nafasi inayobaki juu ya pistoni iliyofika kileleni ni ndogo sana. Ukikumbuka jambo moja tu katika mwongozo huu, likumbuke hili: gari lililoingia maji haliwashwi mpaka limefunguliwa na kukaguliwa.

Nimeandika nikifikiria Dar es Salaam na magari madogo ya Kijapani yanayojaa humo, IST, Vitz, Passo, Raum, Noah na wenzake. Aliyeko Mombasa, Tanga, Zanzibar au Nairobi atatumia hatua zilezile.

Lijue gari lako kabla mvua haijaanza

Fungua boneti na ufuate bomba la hewa kutoka kwenye boksi la ea klina (kichujio cha hewa) hadi mdomoni, pale injini inapovutia hewa ya nje. Kwenye magari mengi madogo mdomo huo uko mbele, jirani na rejeta, au pembeni nyuma ya taa. Chukua futi ya kamba, pima kutoka ardhini hadi pale, kisha usimame kando ya gari uone kipimo hicho kinakufikia wapi mguuni. Usichukulie kuwa hicho ndicho kina cha maji unachoweza kupita. Gari likitembea majini husukuma wimbi mbele yake, na wimbi hilo hupanda juu kuliko maji yaliyotulia. Lori likikupita kwa kasi, wimbi lake litafika hata pale ulipodhani uko salama.

Ukiwa hapo hapo, angalia kama hosi ya hewa imepasuka na kama klipu za boksi la ea klina zinafunga sawasawa. Fundi aliyefungua boksi mara ya mwisho huenda aliacha klipu moja ikining'inia, na kwa upenyo huo maji yataingia chini kabisa ya ule mdomo uliopima.

Kisha nenda chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Kuna mfereji wa plastiki wenye matundu ya kutolea maji ya mvua. Ukiegesha chini ya mwembe au mwarobaini, matundu hayo huziba kwa majani, maji hujaa, na njia yake inayofuata ni ndani ya gari kupitia feni ya hewa, yakishuka upande wa miguu ya abiria. Gari linaweza kulowa ndani namna hii likiwa limesimama uani, bila mafuriko yoyote. Zoa majani kwa mkono na umimine jagi la maji uone yanatokea chini. Fanya hivyo pia kwa matundu madogo yaliyo chini ya milango.

Kagua mpira wa milango, mpira wa buti, na vifuniko vya mpira vilivyo sakafuni chini ya kapeti na kwenye shimo la tairi la akiba. Kifuniko kimoja kilichopotea kinatosha kuruhusu maji ya dimbwi la kawaida kupanda ndani.

Mwisho, matairi na waipa. Tairi lililoisha meno haliwezi kutoa maji chini yake, hivyo gari huelea juu ya utando wa maji na usukani ukakosa kazi. Waipa iliyokaa juani mwaka mzima imekakamaa, ibadilishe kabla ya Machi.

Wiki ya mvua kubwa, gari lilale wapi

Pwani ya Tanzania ina misimu miwili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Lakini msimu peke yake haukwambii usiku upi ni wa hatari. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa kadiri ya uzito wa hali inayokuja. Likitoka neno tahadhari kwa mkoa wako, amua jioni hiyohiyo gari litalala wapi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa siku kadhaa kabla ya kukaribia pwani, na aliyefuatilia alipata muda wa kujipanga.

Wakazi wa Dar es Salaam waongeze kitu kimoja ambacho taarifa ya mvua haikisemi waziwazi, nacho ni bamvua. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mto Msimbazi na mifereji ya mjini hukosa pa kumwagia, na maji hurudi nyuma kuingia mitaani. Ndiyo maana barabara ya Jangwani, bondeni mwa mto huo, hufungwa mara kwa mara, na ndiyo maana dimbwi la mtaani kwako leo linaweza kuwa la kifundoni na kesho, kwa mvua ileile, likawa la kiunoni. Kalenda ya maji kujaa na kupwa inapatikana, na mvuvi yeyote wa Kunduchi au Msasani atakwambia bila kuitazama.

Usilaze gari bondeni, kando ya mfereji, wala kwenye maegesho ya chini ya jengo. Kama unaishi bondeni, ongea mapema na ndugu au jirani wa mwinuko akuruhusu kuegesha kwake usiku wa mvua. Epuka pia kuegesha chini ya mnazi au mti mkubwa penye upepo, maana nazi moja inatosha kuvunja kioo. Kama huna pa kulipeleka na maji yanakuja, chomoa terminali hasi ya betri. Kwenye magari mengi ya Kijapani ni spana namba 10 na kazi ya dakika mbili. Gari likizama bila umeme, waya na kontroli boksi (kompyuta za gari) hupata nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Maji yamekatiza barabara

Kanuni yangu ni fupi: kama huioni lami, geuza. Maji yanayotembea ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuinua na kusukuma magari madogo mengi, na sentimita 60 zinaweza kubeba hata magari makubwa ya juu. Uzito wa gari haukusaidii kama unavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya gari ni uwazi uliojaa hewa. Na huwezi kujua kama barabara bado ipo chini ya maji. Kalvati lililobebwa halina alama juu.

Vijana wanaojitolea kukuongoza wakati mwingine wanajua kweli. Hata hivyo, wanachojua ni kina cha sehemu waliyosimama wao, na hawajui gari lako linavutia hewa wapi.

Kama ni maji yaliyotulia, unaijua barabara, na umeona gari la kimo kama chako likipita bila maji kufika kwenye kizingiti cha mlango, pita hivi. Subiri wa mbele amalize kabisa na usikutane na gari katikati. Zima AC, kwa sababu feni inayozunguka majini huyarusha juu ya injini na inaweza kujivunja. Weka gia ya kwanza, au L kwa gari la otomatiki. Ingia polepole, kanyaga mafuta kwa kiasi kilekile bila kuachia mpaka utoke. Ukiongeza kasi wimbi linapanda, ukiachia mafuta maji yanarudi kwenye ekzosi. Ukishatoka, gusa breki kidogokidogo mara kadhaa ili zikauke, ndipo uendelee.

Limezimikia majini

Usiwashe tena. Hata mara moja.

Shusha vioo mara moja wakati umeme bado upo, maana vioo vya umeme hufanya kazi kwa muda mfupi tu baada ya maji kuingia. Fungua mikanda, watoto kwanza. Maji yakiwa juu kwa nje kuliko ndani yanabana mlango, na mtu mzima hawezi kuufungua, kwa hiyo dirisha ndilo mlango wako. Kioo cha pembeni kikigoma kushuka, kipige pembeni chini kwa kitu chenye ncha ngumu. Kioo cha mbele kina utando katikati, usipoteze nguvu huko. Maji yakiwa yanatembea, toka kisha uende mahali pa juu, na usirudi kuchukua chochote. Gari linanunulika.

Kama maji yametulia na hayana kina, kulisukuma kwa mikono hadi nchi kavu likiwa gia huru ni sawa. Kulisukuma ili liwake ni kosa lilelile la ufunguo, kwani pistoni haijali imezungushwa na stata au na magurudumu.

Gari lililozama, hatua kwa hatua

1. Usiguse swichi, hata kwa kuwasha redio. Chomoa terminali hasi ya betri. Kama gari ni haibridi, usiguse waya wenye ganda la rangi ya chungwa wala betri kubwa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

2. Piga picha kabla ya kusafisha: nje, ndani, boneti ikiwa wazi, na hasa mstari wa tope unaoonyesha maji yalifika wapi. Mpigie simu aliyekukatia bima kabla ya kulihamisha.

3. Lihamishe kwa gari lenye kitanda, likibebwa lote. Gari la otomatiki halivutwi kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa chini. Gia boksi yake hulainishwa na pampu inayozunguka injini ikiwa inawaka tu.

4. Jua ni maji gani yaliyoingia. Maji ya chumvi au yaliyochanganyika na majitaka yanatakiwa kusuuzwa kwa maji safi siku hiyohiyo, kabla hayajakaukia ndani. Tumia mpira wa kawaida wa bustani. Mashine ya presha hupenyeza maji kwenye soketi za waya, usikubali itumike kwenye injini wala chini ya dashibodi.

5. Toa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Ikiwa na rangi ya kawaida bado usifurahi, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini kabisa. Mwambie fundi alegeze nati ya sampu (karai la oili chini ya injini) taratibu. Kama kuna maji, yatatangulia kutoka.

6. Fungua boksi la ea klina. Ea klina ikiwa kavu na bomba likiwa kavu, kuna uwezekano mkubwa kwamba silinda ziko salama. Ikiwa imelowa, chukulia kuwa injini imekunywa, endelea na hatua inayofuata.

7. Toa plagi zote, na kwenye dizeli plagi za joto au nozeli. Zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, endelea kuizungusha kwa mkono ili maji yatoke kwenye matundu. Asisimame mtu mbele ya matundu hayo. Tia oili kidogo ndani ya kila silinda, zungusha tena kwa mkono. Ikigoma kuzunguka, simamisha kazi, hapo kuna jambo la kufunguliwa.

8. Mwaga oili zote. Ya injini, ya gia boksi, ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), ya breki, na ya usukani kama unatumia oili. Wengi huisahau difu. Ikiwa ya moto na kuzamishwa ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Oili ya otomatiki ikitoka na rangi ya waridi yenye ukungu, imeingia maji, na kuimwaga mara moja hakutoshi.

9. Mafuta ya tangi. Maji hukaa chini ya petroli, palepale pampu inapovutia. Kama mfuniko ulizama, tangi limwagwe.

10. Ndani ya gari. Toa viti, toa kapeti lote. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoshika maji kwa wiki nyingi hata juu pakiwa pamekauka, na mara nyingi kontroli boksi na soketi za waya ziko hapohapo. Soketi za njano ni za eabegi (mfuko wa hewa unaokinga watu kwenye ajali), haziguswi betri ikiwa imeunganishwa. Anika kila kitu juani siku hiyohiyo, kwa joto letu ukungu hauchelewi. Kutia marashi bila kutoa sponji ni kuficha ugonjwa.

11. Umeme. Fungua soketi mojamoja, pulizia dawa ya kusafishia soketi, ziache zikauke. Stata na alteneta zifunguliwe zikaguliwe, na fyuzi zitolewe zipanguswe. Hapa fundi umeme mwenye subira anastahili kila shilingi anayodai.

12. Ndipo rudisha betri, weka oili mpya na ea klina mpya, washa. Iache iungurume dakika chache bila kuivuta, zima, kagua oili tena. Oili hii ya kwanza ni ya kusafishia, imwage baada ya kilomita chache na uweke nyingine. Beringi za magurudumu na breki zikaguliwe ndani ya mwezi, maana beringi iliyoingia maji huanza kulia baadaye.

Maji yalipofika

Maji yaliyoishia chini ya kapeti ni usumbufu, yanatibika. Yaliyofika kwenye viti ni kazi kubwa, na unapaswa kupata makadirio ya fundi kabla ya kutumia hata senti. Yaliyozidi dashibodi, hasa ya chumvi, maoni yangu ni usilifufue kwa matumizi ya familia. Waya huoza ndani ya ganda bila kuonekana, na tatizo hujitokeza miezi kadhaa baadaye: taa inayojiwasha, gari linalozimika barabara kuu, eabegi isiyofunguka siku ya ajali. Uza vipuri au mkabidhi wa bima.

Na kuhusu bima, bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwingine, hailipi gari lako lililozama. Bima kubwa nyingi hugusa mafuriko, lakini si zote, na si kwa masharti yaleyale. Uliza kwa maneno haya: je, mafuriko yamo, na je, injini iliyovunjika kwa kuwashwa baada ya kuingia maji inalipwa? Jibu la swali la pili liombe kwa maandishi.

Chumvi na jua

Mafuriko yana wiki zake, chumvi iko kila siku. Gari linalolala Kigamboni, Mbezi Beach au Nyali ya Mombasa hushambuliwa na upepo wa bahari kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo kuosha mabati ya juu tu hakusaidii sana. Osha chini ya gari kwa maji safi kila wiki mbili hivi, na kila baada ya kuendesha ufukweni. Jeraha la rangi lililofika kwenye bati lifunikwe mapema. Terminali za betri zipakwe grisi.

Jua huua betri, rangi na mipira. Nta mara mbili kwa mwaka na kizuizi cha jua nyuma ya kioo cha mbele vinatosha kwa wengi. Kinyesi cha ndege kina asidi, kitoe siku hiyohiyo kwa maji na si kwa kitambaa kikavu. Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa kuwa joto huupandisha. Kagua pia tarakimu 4 zilizo ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye meno mengi linaweza kuwa zee.

Ukinunua gari baada ya masika

Magari yaliyozama hayatoweki, huoshwa na kurudi sokoni, mara nyingi mji mwingine kabisa. Kwa gari linaloagizwa Japani, ambako nako mafuriko hutokea, soma karatasi ya mnada, kwani gari lililozama huandikwa humo. Kwa gari lililo hapa nyumbani, fanya ukaguzi huu mwenyewe.

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Watu husafisha viti na kapeti, lakini ncha ya mkanda iliyojificha ndani hubaki na mstari wa tope. Inua kapeti upande wa abiria na ubonyeze sponji. Tazama nati za viti. Viti vikiwa safi huku nati zikiwa na kutu, jiulize kwa nini. Fungua shimo la tairi la akiba, pitisha kidole kwenye kona. Tazama ndani ya taa kama kuna mstari wa ukungu. Inama chini ya dashibodi na tochi ya simu, ambako tope kavu hukaa juu ya waya. Marashi makali kupita kiasi ndani ya gari lililofungwa yakufanye ukague mara mbili.

Bonyeza kila swichi moja baada ya nyingine: vioo, AC, taa zote, vioo vya pembeni. Washa swichi bila kuwasha injini uone kama taa ya eabegi inawaka kisha inazima. Isipowaka kabisa, huenda imechomolewa. Kisha omba gari lipandishwe, fundi wako alegeze nati ya difu na ya gia boksi muone oili ina rangi gani. Muuzaji mkweli atakuruhusu ukilipia oili. Akikataa, tafuta gari jingine.